Viumbe vya Mwenyezi Mungu si Vyombo vya Kutishia Watu



Juzi baada ya sala ya Magharibi, nikirudi nyumbani, nilisikia kelele za watoto katika uchochoro ulio nyuma ya msikiti wa mtaani kwetu. Nilipofika niliwakuta vijana wanne, wala hakuna kati yao aliyetimiza miaka 15. Walikuwa wamemkamata bundi. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kwa mshipi wa kuvulia samaki, na ncha ya mshipi ameishika mmoja wao. Wa pili alikuwa akimmulika kwa tochi, wa tatu akimrushia vijiwe ili apanue mbawa, na wa nne amesimama mbele na simu yake akipiga picha.

Nikawauliza, "Mwafanya nini?"

Wakanijibu, "Twatengeneza senema ya mashetani."

Yule aliyeshika mshipi ni mtoto wa ndugu yangu. Nikamuuliza, "Na wewe, kazi yako ni ipi?"

Akasema, "Mimi ndiye wa kumshika ndege, Ami. Nikivuta uzi, yeye hupiga mbawa."

Alinijibu hivyo bila ya haya wala khofu, kama mtu anayetaja kazi yake ya halali. Nikaukata mshipi, nikamchukua yule ndege. Bawa lake moja lilikuwa limevunjika. Tulimtia ndani ya kapu na kumweka ukumbini, lakini hakufika alfajiri.

Ndugu msomaji, siandiki haya ili kumfedhehesha mtoto wetu. Naandika kwa sababu jawabu lake limenikosesha usingizi. Kazi ile aliyokuwa akiifanya pale uchochoroni ni kazi ya mshahara huko ulimwenguni. Katika nchi zinazotengeneza senema, khasa Marekani, kuna watu ambao riziki yao ni kuwafuga wanyama, kuwafunza, kuwapakia garini na kuwaleta mbele ya kamera. Mara panya, mara nyoka, mara kunguru, mara mbwa, mara buibui. Na senema zinazowahitaji sana watu hawa ni zile za kutisha, zile ambazo vijana wetu hukesha wakizitazama kwenye televisheni na simu zao. Basi na tuitazame kazi hii kwa mizani ya haki, tusiwadhulumu wenyewe wala tusiwadhulumu wanyama wao.

Kwanza tuseme lililo kweli: si kila mtu wa kazi hii ni dhalimu. Mwaka 1983 ilitoka senema iitwayo Cujo, khabari ya mbwa mkubwa aliyepata kichaa akawazingira mama na mwanawe ndani ya gari. Aliyeitazama alidhani yule ni mnyama mkali kuliko fisi. Kumbe mbwa waliotumiwa walikuwa wapole, wakifurahia mchezo ule hata mikia yao ikawa haiachi kutikisika, na watengenezaji wakalazimika kuifunga mikia hiyo ili mtazamaji asione kuwa mbwa ana furaha. Lile povu la kinywani lilitengenezwa kwa ute wa yai na sukari, na mbwa wakawa wanalilamba. Vivyo hivyo katika senema ya panya iitwayo Willard, ya mwaka 1971, panya waliwakimbilia watu kwa sababu watu wale walipakwa siagi ya njugu. Panya walikuwa wakienda kula, na mtazamaji akadhani wanakwenda kuua.

Mfunza wanyama wa namna hii, anayemlisha mnyama wake, anayemfahamu, anayemwongoza kwa chakula na wala si kwa kiboko, sina ugomvi naye mkubwa. Lakini hata hapa pana jambo la kufikiri. Huyu mbwa mwenye furaha amefungwa mkia ili asingiziwe ukali asiokuwa nao. Mwenyezi Mungu amemuumba mpole, nasi tumeficha upole wake ili tuuze khofu.

Sasa tuje kwa wale wengine.

Mwaka 1963 ilionyeshwa senema ya Alfred Hitchcock iitwayo The Birds, ambamo ndege wanaushambulia mji. Mchezaji wake, Tippi Hedren, ameeleza mwenyewe kwamba aliahidiwa ndege wa bandia, kisha siku ya kazi ikawa ni ndege wa kweli. Kwa muda wa siku tano watu walisimama wakimtupia ndege walio hai, na mwisho baadhi yao wakafungwa kwa nyuzi kwenye nguo zake ili wasiweze kumwacha. Mmoja alimkwaruza karibu na jicho, na daktari akaamrisha apumzike. Watu wengi wamemhurumia yule mwanamke, na ni haki ahurumiwe. Lakini ni nani aliyewahurumia wale ndege? Ndege aliyefungwa kwa uzi kwenye nguo ya mtu anayepiga makelele, naye hawezi kuruka wala kujificha, yeye si mshambuliaji. Yeye ni mateka. Na ewe msomaji, hebu ulinganishe uzi huo na mshipi ule wa uchochoroni kwetu, kisha uniambie tafauti yake ni ipi.

Mwaka 1977 ilitoka senema ya Marekani iitwayo Kingdom of the Spiders, ya buibui wanaouvamia mji. Humo walitumiwa buibui wakubwa wenye manyoya, wale waitwao tarantula, kwa maelfu, na mtazamaji anawaona kwa macho yake wakikanyagwa kwa viatu na kupitiwa na magari. Halafu mwaka 1990 ikatoka nyingine iitwayo Arachnophobia. Wakatafutwa buibui kutoka New Zealand, waliochaguliwa kwa sababu ni wakubwa wa kutisha lakini hawana madhara kwa binadamu. Basi fikiri: wamechaguliwa kwa kuwa hawadhuru, kisha wakaonyeshwa kuwa ni wauaji!

Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa khabari za buibui aliyetanda utando wake mlangoni mwa pango siku ya Hijra. Ndani ya Msahafu mna sura iliyopewa jina la buibui, na sura yenye jina la chungu, na sura yenye jina la nyuki. Na katika hiyo sura ya chungu tunasimuliwa jinsi mdudu yule mdogo alivyowaonya wenziwe waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na majeshi ya Nabii Suleiman bila ya wao kujua. Na Nabii Suleiman, pamoja na ufalme wake, akatabasamu na kumshukuru Mola wake. Jeshi la Nabii Suleiman lingeponda bila kukusudia. Hawa wa senema wanaponda kwa kukusudia, na wanalipa ili waponde, na sisi tunalipa ili tutazame.

Na liko lililo baya zaidi. Mwaka 1980 ilitolewa senema ya Kitaliana iitwayo Cannibal Holocaust, iliyopigwa katika misitu ya Kolombia na mtu aitwaye Ruggero Deodato. Humo waliuliwa wanyama wa kweli mbele ya kamera: kobe mkubwa wa mtoni, nguruwe, joka, na wengineo. Kima mmoja mdogo alikatwa, kisha ikaonekana picha ile irudiwe. Akaletwa kima wa pili, naye akakatwa vile vile. Ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Roho ya pili ilitolewa kwa kuwa picha ya roho ya kwanza haikutosha! Wakuu wa Italia waliikamata senema ile na kumshitaki mwenyewe, na miaka mingi baadaye yeye mwenyewe alisema kwamba alijuta kuwaua wale wanyama. Majuto yake ni yake na Mola wake. Lakini kima hawarudi, na senema ingali inauzwa.

Mtu atasema, "Hayo ni ya zamani. Siku hizi kuna wasimamizi." Kweli, wapo, na tuwape haki yao. Uingereza tangu mwaka 1937 ina sheria inayokataza kuonyesha senema ambayo ndani yake mnyama ameteswa ili picha ipatikane. Marekani, mwaka 1939, farasi alipotumbukizwa kutoka kwenye genge hadi majini akafa kwa ajili ya senema ya Jesse James, watu walighadhibika, na mwaka uliofuata chama cha kutetea wanyama cha American Humane kikaanza kupeleka wasimamizi wake. Katika miaka ya 1960 mamlaka yao yakapungua sana, mpaka zilipozuka lawama juu ya farasi wa senema ya Heaven's Gate ya mwaka 1980 ndipo wakarudishwa kwa mkataba. Ndio hao wanaotoa ile shahada inayoandikwa mwisho wa senema, kuwa hakuna mnyama aliyeumizwa.

Lakini shahada ile inashuhudia nini? Mwezi wa Novemba mwaka 2012, wafunza wanyama waliofanya kazi katika senema za The Hobbit huko New Zealand walijitokeza wakawaambia watu wa magazeti kwamba wanyama wapatao 27 walikufa katika shamba walimokuwa wakiwekwa, penye magenge na mashimo na nyua mbovu. Wenye senema walikanusha kuwa wanyama walitendewa vibaya. Na wasimamizi wakasema kwamba mamlaka yao ni pale kamera inapofanya kazi, na shamba halimo. Senema ile si ya kutisha, lakini fundisho lake ni la senema zote. Shahada inasimamia saa moja ya kamera. Haisimamii miezi ya mafunzo, wala safari ya garini, wala banda la usiku. Na nani anayeyajua ya banda la usiku? Ni yule mfunza peke yake. Yeye ndiye aliyepewa amana.

Kwa hivyo wale waliojitokeza wakasema, mimi nawasifu. Wamehatarisha mkate wao kwa ajili ya kiumbe asiyeweza kusema. Wamefanya linalompasa kila mwenye amana. Tunasimuliwa kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliingia bustani ya mtu mmoja katika Ansari, akamkuta ngamia, na ngamia alipomwona akatokwa na machozi. Mtume akampangusa hata akatulia, kisha akamwita mwenyewe na kumwonya amche Mungu katika mnyama aliyemmilikisha, kwani amemlalamikia kuwa anamtia njaa na kumchosha. Basi ikiwa mwenye ngamia wa kumwagilia bustani, kazi ya manufaa, ameulizwa, ataulizwa vipi mwenye mnyama wa kuchezea?

Najua yatakayosemwa na wenye kupinga, nami nitayajibu.

Watasema, "Nyinyi wenyewe mwachinja kila siku, leo mwalilia buibui na kima!" Naam, tunachinja. Lakini tumeamrishwa tukichinja tuchinje vizuri, kisu kiwe kikali, mnyama astareheshwe, na jina la Mola wake litajwe, kwani uhai ule si wetu, tumeruhusiwa tu kwa haja. Aliyeweka masharti hayo yote juu ya mnyama wa chakula, amemwacha mnyama wa mchezo bila ya ulinzi? Hasha. Kuchinja kwa haja ni ruhusa. Kutesa kwa burudani ni dhulma.

Watasema, "Mbwa ni najisi, nyoka ni adui, panya ni mharibifu. Kwa nini tuwahurumie?" Mwenye kusema hivi amechanganya mambo mawili. Nyoka akiingia nyumbani ukamuua, umeondoa madhara. Ukimfunga ukamchezea, umefanya nini? Na ama mbwa, sote tumefunzwa chuoni khabari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa; na khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Udhu ni jambo moja na huruma ni jambo jingine. Twajikosha unajisi wa mbwa, lakini unajisi wa dhulma tutajikosha kwa maji gani?

Watasema, "Hayo ni ya Wazungu, sisi yatuhusu nini?" Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Yatuhusu kwa sababu mtazamaji ndiye mnunuzi. Hakuna anayemfunga ndege ikiwa hakuna atakayetazama. Na yatuhusu kwa sababu senema hizi zinatufunza uwongo juu ya viumbe. Angalia jambo la karibu na kwetu. Mwaka 1898, reli ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda bara, simba wawili wa Tsavo waliua wafanya kazi wa reli mpaka kazi ikasimama. Mwaka 1996 Wamarekani wakatoa senema ya kutisha ya khabari hiyo, The Ghost and the Darkness, nao wakaipiga Afrika Kusini. Simba wa kweli wa Tsavo, ambao ngozi zao zimehifadhiwa Chicago mpaka leo, hawakuwa na manyoya ya shingoni. Simba wa senema wana manyoya mengi, kwa kuwa simba waliofunzwa ndivyo walivyokuwa. Na wale simba hawakuonyeshwa kama wanyama wenye njaa, bali kama mashetani. Mjukuu wa aliyeijenga reli leo anakijua kisa cha babu yake kupitia simba wa kukodiwa.

Simba yuko porini, hatudhuriki naye sana. Lakini bundi yuko juu ya mwembe wetu. Paka mweusi yuko barazani. Popo yuko kwenye mnazi. Sisi tulikuwa tumekwisha kuwa na dhana mbaya juu ya bundi tangu zamani, dhana isiyo na asili katika dini, kwani dini imetukataza kuamini mkosi wa ndege. Sasa zikaja senema zikaitia dhana ile nguvu, zikaivika taa na ngoma, na mtoto akajifunza kwamba bundi ni jini, na jini hapati huruma. Bundi anayekula panya wa ghala zetu!

Na juu ya hayo, zamani senema ilitengenezwa mbali, kwa mali nyingi. Leo kila kijana ana kamera mfukoni. Kila uchochoro waweza kuwa Hollywood. Kule kuna msimamizi, japo wa saa moja. Huku kwetu msimamizi ni nani? Ni mimi na wewe, na sisi tuko barazani tunakunywa kahawa.

Imepokewa kwamba Ibn Umar, Mwenyezi Mungu amridhie, aliwapitia vijana wa Kikureshi waliomsimamisha ndege wakimfanya shabaha ya mishale. Walipomwona walitawanyika. Akauliza ni nani aliyefanya hivi, akaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Nilikuwa nikikisoma kisa hiki tangu udogo wangu, na siku ile uchochoroni ndipo nilipoona jambo ambalo sikuliona zamani. Wale vijana wa Kikureshi walitawanyika. Walikuwa wakijua kuwa wanafanya kosa. Vijana wetu hawakutawanyika. Walinisogezea simu ili nitazame.

Hiyo ndiyo khasara, ndugu msomaji. Ndege aliyekufa ni mmoja. Lakini moyo usiojua kuwa umekosa ni khasara ya nyumba nzima, kwa sababu mkono uliozoea kuvuta uzi wa ndege hauko mbali na kumvutia uzi mke, na mtumishi, na yatima.

Basi tufanye nini? Sisemi tuyachome moto masimu, wala sisemi kila senema ni haramu. Suala la kuitafuta khofu kwa starehe lina mahali pake na siku yake. Nasema haya. Mtoto akitazama senema yenye mnyama, kaa naye umuulize: unadhani mnyama huyu alifanywaje hata akafanya hivi? Swali hilo moja linafungua jicho. Ukiletewa kwenye simu picha ya mnyama anayeteswa, usicheke, usimpelekee mwengine, ifute, na mwambie aliyekuletea kwa nini umeifuta. Na kijana wako akitaka kutengeneza senema, mwambie kwamba leo wakubwa wa kazi hiyo wenyewe wanaweza bila ya mateso: mwaka 2011 ilitengenezwa senema nzima ya masokwe, Rise of the Planet of the Apes, bila ya sokwe hata mmoja wa kweli, kwa watu waliovaa nguo maalumu na kwa kazi ya kompyuta. Tena kijana wetu ana kitambaa, karatasi na kivuli cha taa. Bundi wa karatasi atapiga mbawa na hatavunjika.

Na wewe mwenye punda, mwenye mkokoteni, mwenye ng'ombe wa mchezo, usidhani kuwa nimekusahau. Mtoto hakujifunza ukatili kwa senema peke yake. Alianza kutuona sisi.

Asubuhi ile tulimzika yule bundi chini ya mwembe. Mtoto wa ndugu yangu ndiye aliyechimba. Hakusema neno mpaka alipomaliza, kisha akaniuliza, "Ami, yeye naye ataniuliza Siku ya Kiyama?" Sikutaka kumtisha, maana wa kutishwa kwa siku zile alikuwa mmoja tu, na alikwisha kwenda. Nikamwambia, "Mola wake ndiye atakayeuliza, sisi sote. Basi na tuanze kutengeneza jawabu."

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye huruma kwa walio katika ardhi, ili tuhurumiwe. Wabillahi taufiq.